Mbio za baiskeli za hatua: Kwa nini anayefika wa kwanza si lazima awe anayeongoza?

Jumamosi ya tarehe 31 Mei 2025, Mwaustralia Chris Harper alifika peke yake kileleni Sestriere, kaskazini mwa Italia. Akainua mikono, akapigwa picha. Alikuwa ameshinda hatua ya 20 ya mbio za Giro d'Italia.

Lakini watu wengi waliokuwa wakitazama hawakuwa na habari naye. Macho yao yalikuwa kwa jamaa aliyekuwa bado njiani, Muingereza Simon Yates, aliyefika wa tatu, karibu dakika mbili baadaye. Yates ndiye aliyelia machozi. Yates ndiye aliyevaa jezi ya waridi. Na kesho yake mjini Roma, Yates ndiye aliyetangazwa bingwa wa Giro nzima.

Kama ulifungua simu yako siku ile ukaona "Harper ashinda", halafu chini yake "Yates achukua uongozi", inawezekana ulijiuliza: sasa nani kashinda?

Jibu ni wote wawili. Ukielewa kwa nini, basi umeelewa mchezo huu.

Hatua ni mechi, msimamo ni ligi

Mbio za hatua ni mashindano yanayokwenda kwa siku kadhaa. Kila siku kuna safari yake, yenye mahali pa kuanzia na mstari wa kumalizia. Safari hiyo ya siku moja ndiyo inaitwa hatua.

Makubwa zaidi duniani ni matatu, na kila moja lina hatua 21 ndani ya wiki tatu:

- Giro d'Italia (Italia), lilianza 1909. Hufanyika mwezi Mei.
- Tour de France (Ufaransa), lilianza 1903. Hufanyika mwezi Julai.
- Vuelta a España (Uhispania), lilianza 1935. Huanza mwezi Agosti na kuishia Septemba.

Kila anayemaliza hatua huandikiwa muda wake. Kesho muda huo unajumlishwa na wa leo, keshokutwa hivyo hivyo. Mwenye jumla ndogo kuliko wote baada ya siku zote ndiye bingwa.

Ni kama soka. Kushinda hatua ni kama kushinda mechi: utasherehekea, utaandikwa magazetini, na wengine hukumbukwa maisha yao yote kwa ushindi mmoja tu. Lakini kombe anachukua aliye juu kwenye msimamo wa ligi mwisho wa msimu.

Tofauti ni kwamba huku hakuna pointi tatu kwa ushindi. Kuna sekunde. Mtu anaweza kuchukua ubingwa bila kushinda hatua hata moja, na hivyo ndivyo alivyofanya Yates kwenye Giro ile.

Ndiyo maana sekunde zinapiganiwa kama pesa. Katika Tour de France ya 1989, Mmarekani Greg LeMond aliingia siku ya mwisho akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Jioni alikuwa bingwa kwa tofauti ya sekunde 8. Wiki tatu barabarani, zaidi ya kilomita 3,000, na zikaamuliwa na sekunde nane.

Jezi zinakwambia nani ni nani

Ukitazama picha ya kundi la waendesha baiskeli zaidi ya 150, utaona rangi tupu. Usihangaike na zote. Kwenye Tour de France tafuta nne tu:

- Njano: anayeongoza kwa jumla ya muda. Ilianza 1919. Gazeti la L'Auto lililoandaa mbio hizo lilichapishwa kwenye karatasi za njano.
- Kijani: mwenye pointi nyingi, zinazotolewa kwenye mistari ya kumalizia na kwenye vituo maalumu katikati ya safari.
- Nyeupe yenye madoa mekundu: mfalme wa milima, anayekusanya pointi kwa kutangulia vileleni.
- Nyeupe: anayeongoza kwa muda miongoni mwa vijana walio chini ya miaka 26.

Giro hutumia waridi badala ya njano, kwa sababu ya gazeti la La Gazzetta dello Sport lenye karatasi za rangi hiyo. Vuelta hutumia nyekundu.

Kwa hiyo siku moja inaweza kuwa na mashindano manne au matano ndani yake, na kila mtu ana lake. Tarehe 1 Julai 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya tatu ya Tour mjini Turin. Jioni hiyo hiyo, jezi ya njano alivishwa Richard Carapaz wa Ecuador. Hakuna aliyemdhulumu Girmay. Walikuwa wanatafuta vitu viwili tofauti kwenye barabara moja.

Jua leo ni siku ya aina gani

Hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia kabla hujatumia bando lako. Kila hatua ina mchoro wake unaoonyesha barabara inavyopanda na kushuka. Uangalie. Utakuta mojawapo ya siku hizi:

Tambarare. Siku ya wenye mbio fupi za kasi. Kundi zima hufika pamoja na ushindi unaamuliwa kwenye mita mia chache za mwisho. Wagombea wa ubingwa wanachotaka ni kufika salama tu. Wanaofika kwenye kundi moja bila kuachana hupewa muda uleule, awe wa 5 au wa 105.

Vilima. Siku ya wajanja. Mtu huchomoka mapema, na wengine wanabaki kujiuliza nani amfuate.

Milima. Hapa ndipo ubingwa unapopatikana na kupotea. Kwenye tambarare ni vigumu kupoteza dakika tano. Mlimani, miguu ikigoma, dakika tano zinakwenda ndani ya nusu saa.

Mbio dhidi ya saa. Kila mmoja anaondoka peke yake, anapambana na saa. Hakuna wa kumkinga na upepo. Mwaka 2020 Primož Roglič wa Slovenia aliingia kwenye mbio ya aina hii akiwa mbele kwa sekunde 57, imebaki siku moja tu Tour iishe. Mslovenia mwenzake Tadej Pogačar, aliyekuwa na miaka 21, alimpindua siku hiyo na kuchukua Tour.

Bado kuna sekunde za zawadi. Katika hatua nyingi za kawaida, wa kwanza anapunguziwa sekunde 10, wa pili 6 na wa tatu 4. Ndiyo maana utawaona wagombea wakikimbizana mstarini hata kama hakuna anayemwacha mwenzake.

Kwa nini wapo wanaofanya kazi wasiposhinda

Swali ambalo kila mgeni wa mchezo huu huuliza: kwa nini mtu aendeshe mbele kilomita 100, halafu karibu na mwisho aachie na kurudi nyuma?

Jibu ni upepo. Anayeendesha mgongoni mwa mwenzake huokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, na aliyejificha katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo timu ya watu wanane huwa na kiongozi mmoja, pengine wawili. Waliobaki wanamkinga na upepo, wanamletea maji kutoka kwenye gari la timu, na akitoboka tairi wanasimama kumsubiri. Wapo wanaoweza hata kumpa baiskeli yao.

Wasaidizi hawa ndio uti wa mgongo wa mchezo. Majina yao hayapo juu kwenye matokeo, lakini bingwa akishinda hugawana nao fedha za zawadi.

Sasa turudi Italia.

Kilichotokea mlimani Finestre

Asubuhi ya tarehe 31 Mei 2025, msimamo wa Giro ulikuwa hivi: wa kwanza Isaac del Toro, kijana wa Mexico mwenye miaka 21. Wa pili Carapaz, nyuma kwa sekunde 43. Wa tatu Simon Yates, nyuma kwa dakika 1 na sekunde 21. Zilikuwa zimebaki hatua mbili, na ya Roma kwa kawaida ni ya kumalizia tu. Yaani, ilikuwa leo au basi.

Mbele yao ulikuwepo mlima Colle delle Finestre. Kupanda ni zaidi ya kilomita 18, na karibu kilomita 8 za juu ni barabara ya changarawe, si lami. Kilele kiko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari.

Carapaz alianza kushambulia chini kabisa ya mlima. Del Toro akamganda. Yates hakuwafuata kwa pupa. Alipanda kwa mwendo wake, akawafikia, akachomoka, wakamrudisha, akachomoka tena. Mara ya mwisho hawakumfuata.

Hapo ndipo mchezo ulipokuwa mtamu. Del Toro aliona kazi ya kumkimbiza Yates ni ya Carapaz, naye Carapaz aliona ni ya mwenye jezi. Kila mmoja aliogopa kwamba akivuta yeye, mwenzake atapumzika mgongoni kwake halafu amwache mwishoni. Wakabaki wanatazamana. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Yates naye hakuwa peke yake kama alivyoonekana. Timu yake ilikuwa imemtuma Mbelgiji Wout van Aert mbele tangu mapema, pamoja na waliochomoka. Kwa mtazamaji asiyejua, Van Aert alikuwa anatafuta ushindi wake. Kumbe alikuwa ametangulia kumsubiri mwenzake. Yates alipovuka kilele, akamkuta Van Aert kule chini bondeni, mahali ambapo upepo ungemmaliza. Van Aert akamvuta hadi pumzi yake ya mwisho.

Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi:

- Yates alifika dakika 5 na sekunde 13 mbele ya Del Toro na Carapaz.
- Kwa kushika nafasi ya tatu, akapewa zawadi ya sekunde 4. Jumla ni dakika 5 na sekunde 17.
- Toa deni lake la asubuhi la dakika 1 na sekunde 21.
- Inabaki dakika 3 na sekunde 56. Hiyo ndiyo tofauti iliyompa ubingwa.

Na yule Harper? Alikuwa amechomoka mapema, na kwenye msimamo alikuwa mbali mno kumtisha yeyote. Wakubwa walimwachia. Naye akachukua siku yake. Wote wawili walilala na furaha.

Kwa nini Yates alilia

Hapa ndipo tofauti ilipo kati ya kusoma matokeo na kuwa shabiki.

Yates aliwahi kupita mlima huo huo. Ilikuwa Mei 2018, katika hatua ya 19 ya Giro, na siku ile yeye ndiye aliyekuwa na jezi ya waridi. Alikuwa ameshinda hatua tatu na alionekana hashikiki. Lakini Finestre ilimkuta miguu imekwisha. Alipoteza zaidi ya dakika 38 kwa siku moja, na ubingwa ukaenda.

Aliyeuchukua ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Froome alianza siku ile akiwa wa nne, nyuma kwa dakika 3 na sekunde 22. Akachomoka kwenye changarawe ya Finestre, akaendesha peke yake kilomita 80 hivi hadi mwisho, na jioni akawa na jezi ya waridi mwilini.

Miaka saba baadaye, Yates alirudi kuchukua deni lake mahali palepale lilipobaki. Aliyeijua hadithi hiyo hakuhitaji mtangazaji amweleze maana ya yale machozi.

Mbio za hatua zina kumbukumbu ndefu. Barabara ni zilezile, milima ni ileile, na watu hurudi.

Afrika iko wapi?

Iko karibu kuliko unavyodhani. Froome alijifunza kazi hii kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya anayelea vijana kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Aliiwakilisha Kenya kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza, halafu akashinda Tour de France ya 2013, 2015, 2016 na 2017.

Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya madoa mekundu kwenye Tour, akiwa na timu ya Afrika Kusini. Mwaka 2024 Girmay akaenda mbali zaidi: alishinda hatua tatu na kumaliza na jezi ya kijani. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Katika jumla ya muda hakuwa hata karibu na kumi bora, na hilo halikuwa tatizo. Siku za milima kazi yake ilikuwa kufika tu.

Kwa wanawake, Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda hatua kwenye Tour de France ya wanawake mwaka 2025 na kuvaa jezi ya njano.

Na kama unataka kuona kwa macho yako, kuna Tour du Rwanda. Mbio hizo zilianza 1988, na siku hizi hufanyika mwezi Februari. Milima haitafutwi mbali kule, barabara yenyewe ndiyo milima. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na Pogačar akashinda mbio za wanaume. Ila yale hayakuwa ya hatua: ilikuwa siku moja, anayefika wa kwanza ndiye bingwa, basi.

Ukienda kusimama kando ya barabara, kumbuka hapo hakuna uzio kama uwanjani. Mwaka 2021, siku ya kwanza ya Tour, shabiki mmoja alinyoosha bango barabarani akiitazama kamera, na baiskeli kadhaa zikaanguka kwa mkupuo. Piga makelele upendavyo, lakini mkono na simu viwe upande wako.

Usiwasahau walio nyuma

Kila hatua ina kikomo cha muda. Ukichelewa kupita kikomo hicho, unarudi nyumbani. Kwa hiyo siku za milima wale wazito wenye mbio fupi hujikusanya nyuma na kusaidiana kufika. Wafaransa huliita kundi hilo basi, kwa maana ya basi la abiria.

Mwaka 2024, siku ya kwanza ya Tour, Muingereza Mark Cavendish alitapika barabarani kwa joto na kufika dakika 39 nyuma ya mshindi, wenzake wa timu wakiwa wamemzunguka. Alikuwa na miaka 39, na wengi walimwandika kwamba kaisha. Siku nne baadaye alishinda hatua yake ya 35 ya Tour, akavunja rekodi aliyokuwa akiishiriki na Eddy Merckx. Ushindi ule ulianzia ndani ya basi.

Jinsi ya kufuatilia kwa simu bila kumaliza bando

1. Asubuhi, angalia mchoro wa hatua. Dakika mbili zinatosha. Kama leo ni tambarare, huna haja ya kutazama saa nne nzima.
2. Angalia msimamo wa jumla. Kwenye tovuti nyingi umeandikwa kwa herufi GC. Shika majina matatu ya juu na tofauti zao.
3. Mchana, fuata maandishi. Tovuti rasmi za mbio huweka taarifa za moja kwa moja. Angalia nani wamechomoka, na wako mbele kwa dakika ngapi.
4. Jioni, washa video. Hatua nyingi za Ulaya humalizika kati ya saa 11 na nusu na saa 1 jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Siku ya milima, anza mlima wa mwisho au wa kabla yake. Ukikosa, vipande vya dakika chache hupatikana YouTube.
5. Jua vifupisho. "s.t." ni muda uleule na aliyetangulia. "DNF" hakumaliza. "OTL" amepitwa na kikomo cha muda.

Na kama tofauti kwenye matokeo hazilingani na ulichoona, pengine kulikuwa na ajali karibu na mwisho. Katika hatua za tambarare, anayeanguka ndani ya kilomita 3 za mwisho hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Wakati mwingine waandaaji huongeza umbali huo.

Je, unaweza kuwaamini?

Swali la haki. Mmarekani Lance Armstrong alishinda Tour mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, na mwaka 2012 akanyang'anywa zote kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Mamilioni walikuwa wamemshangilia. Kwenye orodha ya mabingwa, nafasi zile saba zimeachwa wazi.

Vipimo vimeongezeka tangu wakati huo, na shaka nayo haijaisha. Kila mtu anapofanya jambo lisilo la kawaida mlimani, utamsikia mtu akiuliza. Shabiki wa mchezo huu hujifunza kushangilia huku jicho moja likiwa wazi.

Lakini usianze na shaka. Chagua mtu mmoja, si lazima awe wa kwanza. Jua anatafuta nini: jezi, hatua moja, au kumfikisha mwenzake. Halafu mfuate kwa siku tatu tu. Ya nne utakuta umeamka ukiuliza leo kuna mlima gani.